Wafadhili Wanne wa Malaika

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daftari jipya. Mwalimu wa insha anasema anayeandika kila siku huwa na fikra safi. Zangu leo si safi hata kidogo. Zimejaa mbwa.

Mwenye kiwanja amekuja. Alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu na muhuri wake mfukoni. Hutembea na muhuri kama watu wengine wanavyotembea na leso. Akamwambia shangazi kwamba kodi ya ua haijalipwa miezi mitatu, jumla laki moja na elfu ishirini, na kwamba Jumamosi ya tarehe 15, saa nane mchana, fedha zisipokuwa zimetimia, mbwa watatoka na matairi yataingia. Ana matairi mengi yasiyo na mahali pa kukaa. Shangazi akamjibu kwamba na yeye ana mbwa sita wasio na mahali pa kukaa, na kwamba matairi hayalii mtu akiyaacha mvuani.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anafua mashuka ya hospitali, na mbwa wote sita amewaokota njiani akitoka kazini. Mshahara wake haufiki wiki ya tatu. Mama anasema huyu wifi yake siku moja atakula makombo ya mbwa, maana chakula chake mwenyewe keshawapa. Shangazi humjibu kwamba wifi ana kelele kumshinda Kimya. Kimya ni mbwa anayebweka tangu asubuhi mpaka asubuhi nyingine. Shangazi alimpa jina hilo kwa matumaini.

Mwenye kiwanja alipoondoka, shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mhasibu akaja akamlazia kichwa mapajani. Mhasibu ni mzee, ana jicho moja, na hulinda gunia la chakula kama anayelipwa na benki. Shangazi hakulia. Alifuta miwani mara nne tu.

Nimeamua. Nitawaokoa. Nina siku kumi na mbili, na nina akili. Shangazi nisimwambie kitu, iwe furaha ya ghafla.


Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: kukodisha ulinzi. Fundi cherehani analalamika kila siku kwamba vitambaa vyake vinapotea. Nikampelekea Kimya baada ya masomo. Elfu mbili kwa alasiri moja. Kwa sauti ile, nilijiambia, hata inzi hatathubutu kutua!

Kimya alinyamaza. Mara ya kwanza maishani mwake. Alijilaza juu ya kitambaa cha harusi cha mtu na kukoroma. Saa kumi akaingia mwanamume, akachukua pasi, akatoka. Kimya akaamka, akamsindikiza hadi kona huku akitingisha mkia. Bahati nzuri mtu yule alikuwa fundi wa umeme aliyeitwa kuitengeneza hiyo pasi. Lakini Kimya hakujua hilo.

Fundi cherehani akasema, mwanangu, huyu si mlinzi, huyu ni mkaribisha wageni. Hakunilipa. Alinidai sabuni ya kufulia kile kitambaa.

Kiranja wa darasa letu alikuwa ng'ambo ya barabara akitazama yote. Bila shaka. Kiranja ana Klabu ya Sungura, yenye bango la rangi, katibu na mweka hazina. Aliniuliza kwa upole kama siku hizi mbwa wetu wanatafuta vibarua. Nikamwambia ni utafiti. Akasema, haya, ukimaliza utafiti ujifute mate begani.

Nilikuwa na mate begani kweli.


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mpango wa pili umenijia wakati wa hisabati. Ufadhili! Mtu anachagua mbwa mmoja, analipa elfu kumi kwa mwezi, miezi mitatu kwa mkupuo. Naye mbwa wake anamwandikia barua. (Nitaandika mimi. Mbwa watatoa habari.)

Elfu thelathini mara wanne ni laki moja na elfu ishirini. Kamili! Nilipiga hesabu hiyo mara tatu pembezoni mwa daftari la hisabati. Mwalimu akaniuliza jibu la swali la saba, nikasema laki moja na elfu ishirini. Jibu lilikuwa kumi na moja.

Jioni nikamleta mpiga picha, yule kijana wa kibanda cha picha, awapige picha mbwa wote sita. Nikamlipa kwa akiba yangu. Kandambili alimvua kiatu. Jemedari alisikia kamera ikilia, akaingia chini ya sinki. Jemedari ana kifua kama kabati na anaogopa kila mlio, hasa radi na vifuniko vya sufuria. Bibi Redio aligoma kugeuka kwa sababu jirani alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Picha za wengine zimetoka kama moshi: hapa ulimi, pale mkia.

Ni Malaika peke yake aliyetoka vizuri. Malaika ni mweupe, ana manyoya kama pamba, na alikuwa amelala. Huwa amelala.

Nimebandika picha hiyo moja juu ya tangazo la ukuta wa maktaba. Chini nimeandika: Mbwa Wetu.


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ushindi! Ushindi! Ushindi!

Wa kwanza alikuwa mwenye bucha, mtu mkubwa mwenye mikono kama mapaja. Alitazama picha akalainika usoni. Akasema huyu huyu. Nikamweleza kwamba tunao wengine wenye tabia za kuvutia. Akasema, binti, mimi kutwa nashinda na nyama, nataka kitu kizuri cha kukiwaza. Elfu thelathini, mkononi.

Wa pili, fundi cherehani. Amenisamehe. Naye akamtaka huyu mweupe, ila si yule mkoromaji. Wa tatu, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake jirani na maktaba. Alisahihisha kwanza tangazo langu kwa kalamu nyekundu, nukta mbili na herufi kubwa moja, kisha akasema atamchukua huyo huyo wa pichani.

Hapo nilisita kidogo. Wafadhili watatu, mbwa mmoja. Nikakaa kwenye ngazi za maktaba nikafikiri kwa unyofu. Je, nimemwambia mtu yeyote kwamba Malaika ni wake peke yake? Sikumwambia. Je, fedha zitawalisha mbwa sita? Zitawalisha. Mbwa ana miguu minne. Mtu mmoja, mguu mmoja. Nafasi moja ilikuwa imebaki.

Akaja Kiranja, na mweka hazina wake nyuma. Akatangaza kwamba Klabu ya Sungura imepiga kura kuwasaidia wasiojiweza. Alisema neno wasiojiweza akinitazama mimi, wala si picha. Nilitaka kukataa. Nikakumbuka shangazi juu ya ndoo. Nikapokea, nikasema asante, nikaandika risiti.

Laki moja na elfu ishirini! Zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda changu.


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Barua. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Malaika hatoi habari. Nilikaa mbele yake saa nzima na kalamu. Alifungua jicho moja. Akalifunga.

Basi nimeazima. Mwenye bucha nimempa mambo ya Jemedari: kwamba jana kifuniko kilianguka, nikajificha chini ya sinki, kifua changu kikubwa kikagoma kutoka. Fundi cherehani nimempa mambo ya Kandambili: kwamba naiba kiatu kimoja tu, cha kushoto, na kukirudisha baada ya kuombwa kwa adabu. Mwalimu mstaafu nimempa mambo ya Bibi Redio: kwamba nasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho na kuondoka muziki ukianza. Zote nimetia sahihi: Wako mwaminifu, Malaika.

Si uongo. Yote yametokea. Yametokea kwa mbwa.

Ilipofika barua ya Kiranja, mambo yalikuwa yamekwisha, na nilikuwa na kazi ya jiografia. Nikaandika nakala tatu, za Kiranja, katibu na mweka hazina: Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Leo nimelala.

Nimefuata kanuni zote za barua ya kirafiki: anwani, tarehe, salamu, kiini, hitimisho. Mwalimu wa insha anasema hitimisho bora humkaribisha mwandikiwa nyumbani, na kwamba karibu isiyo na siku wala saa ni karibu ya mdomoni tu. Nimeweka siku na saa. Zimependeza sana!


Jumatano, tarehe 12 Juni

Balaa. Nimehesabu kopo. Laki moja na elfu kumi na nne.

Nimehesabu upya sakafuni, mlango umefungwa. Ni zile zile. Kisha nikakumbuka. Bahasha. Karatasi zenye mistari. Gundi. Kutoa nakala za tangazo. Na mifupa, kwa sababu Mhasibu alinitazama. Elfu sita! Hesabu yangu ilikuwa kamili, ila sikuhesabu bahasha.

Sina akiba. Mpiga picha anayo.

Nikaamua kutumia njia ya heshima. Nikamwandikia mwenye kiwanja barua rasmi, anwani mbili, kichwa kilichopigiwa mstari: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KULIPA ELFU SITA. Kwa kuwa mimi ni mtoto na hawezi kuingia mkataba nami, nikaiandika kwa niaba ya Mhasibu, mpangaji. Nilimpaka wino kwenye unyayo akaigonga chini. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi, nikakimbia.

Jibu limekuja alasiri hiyo hiyo! Mwenye kiwanja alilileta mwenyewe. Alidai alikuwa anapita tu, ingawa njia yetu haiendi popote. Bahasha imeandikwa: Kwa Ndugu Mhasibu. Ndani: Ombi lako limepokelewa. Limekataliwa. Tafadhali safari nyingine weka tarehe upande wa kulia. Muhuri.

Aliniuliza, akitazama kwingine, kama mwandikaji yuko. Nikamwonyesha. Wakatazamana, macho mawili na jicho moja. Akasema hakumtarajia kuwa mzee hivyo. Kisha akaondoka.

Mhasibu amekula kona ya barua. Yenye muhuri.


Ijumaa, tarehe 14 Juni

Sijui niandike vipi.

Nilipita kwa mwenye bucha kuomba mifupa. Akanipa mfuko mzima bure, akasema kesho atakuja na mwingine. Kesho wapi, nikauliza. Akacheka. Akanisomea barua yake mwenyewe, aliyokuwa ameibandika ukutani karibu na mizani: Karibu sana unitembelee Jumamosi saa saba mchana, nitakungoja kwa hamu.

Nikakimbilia kwa fundi cherehani. Anashona kola nyekundu ya kesho. Nikakimbilia kwa mwalimu mstaafu. Amepiga pasi shati. Akaniambia tangu mkewe alipofariki hajapata mtu wa kusikiliza naye habari, na kwamba amefurahi sana kukuta kiumbe mwenye msimamo kuhusu muziki.

Nikarudi taratibu. Njiani nikakutana na Kiranja. Akaitoa barua yake mfukoni. Akasema kwamba klabu imepata barua tatu wiki hii, zote za mistari mitatu, zote zinasema leo nimelala, na kwamba mwenye bucha amepata kurasa mbili. Ndiyo, amezungumza na mwenye bucha. Akasema, tutaonana saa saba, mama barua.

Watu wanne. Mbwa mmoja. Saa moja. Na mwenye kiwanja saa nane.

Nimefikiri kumpaka Kandambili unga awe mweupe. Nimempaka. Ameulamba wote.


Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa saba kasoro. Shangazi anafagia, hajui lolote. Namwambia huenda watapita wageni wachache. Anauliza wageni gani, mama? Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Siku zote hunifanya nijisikie mkubwa. Leo nilijisikia mdogo sana.

Saa saba. Wakaingia wote wanne kwa pamoja, kana kwamba wamepatana. Mwenye bucha na mfuko wa mifupa. Fundi cherehani na kola. Mwalimu mstaafu na redio ndogo chini ya kwapa. Kiranja na daftari. Malaika alikuwa katikati ya ua, juani, usingizini. Wote wakanyoosha mkono. Wote wakasema: Malaika wangu!

Kisha kimya. Hata Kimya.

Mwenye bucha akamuuliza fundi cherehani anasema wangu kwa maana gani. Fundi akasema kwa maana ya elfu thelathini. Mwalimu mstaafu akatoa risiti yake. Kiranja akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya gwaride la asubuhi: mwombaji mmoja, wafadhili wanne, mbwa mmoja, je, kuna maelezo? Nikaanza kueleza kuhusu miguu. Sikufika mguu wa pili.

Shangazi akanitazama. Akauliza fedha ziko wapi. Nikaleta kopo. Akalipokea kwa mikono yake iliyokunjamana kwa maji ya sabuni. Akaliweka kopo mezani, akawaambia wale watu kwamba yeye ni mfua mashuka, hana kitu, lakini hajawahi kumlisha mbwa chakula cha kudanganya. Kila mmoja achukue chake. Elfu sita zinazopungua atazilipa mwisho wa mwezi. Akasema mbwa watatoka, basi, na yeye atatoka nao.

Alisema bila kupaza sauti. Ingekuwa afadhali angenipigia kelele.

Hakuna aliyesogea. Shangazi akageuka kuchukua beseni la maji apate kitu cha kushika, na likamponyoka. Lilianguka kwenye saruji kama radi. Jemedari akachomoka, akaruka juu ya Malaika, akajipenyeza kati ya miguu ya mwenye bucha, na huko akakwama. Akatetemeka pamoja na aproni yote. Mwenye bucha akainama, akamtazama. Kifua kikubwa, akanong'ona. Sinki. Akaniangalia. Akasema, ni huyu? Nikatikisa kichwa kukubali. Yule mtu mkubwa akakaa chini kwenye maji, akamkumbatia, akatuambia kwamba na yeye radi haiwezi, tangu utotoni, na tusimwambie mtu sokoni.

Hapo fundi cherehani akapiga ukelele. Alikuwa na kiatu kimoja. Cha kushoto kilikuwa kinazunguka ua mdomoni mwa Kandambili. Akasema kwa adabu, naomba kiatu changu, tafadhali. Kandambili akakirudisha! Fundi akamvalisha ile kola pale pale. Imembana, lakini amesema ataipanua, ndiyo kazi yake.

Mwalimu mstaafu akatazama saa. Ilikuwa saa saba na nusu, akawasha redio. Bibi Redio akatoka nyuma ya pipa, akakaa miguuni pake, masikio juu. Walisikiliza habari zote mpaka hali ya hewa. Muziki ulipoanza, Bibi Redio akainuka. Mwalimu mstaafu naye akainuka, akazima redio, akatoa leso.

Akabaki Kiranja. Akasimama mbele ya Malaika, akamgusa kwa kidole. Malaika akafungua jicho moja, akalifunga. Kiranja akasema polepole kwamba kumbe barua zake peke yake ndizo zilikuwa za kweli. Nikamwambia ndiyo. Akajaribu kukasirika, lakini Malaika alikuwa amehamia juu ya viatu vyake, amelala.

Hakuna aliyegusa kopo.

Saa nane kamili, muhuri mlangoni. Mwenye kiwanja akahesabu mara mbili. Akasema zimepungua elfu sita. Mwenye bucha akatia mkono mfukoni, mwenye kiwanja akamzuia. Akasema suala la elfu sita liko kati yake na Ndugu Mhasibu, na kwamba lina jalada. Akasema amekodisha viwanja miaka ishirini na miwili, watu humpigia simu wakimtukana, na hajawahi kuandikiwa barua yenye kichwa kilichopigiwa mstari. Tangu Jumatano anasubiri jibu. Halijafika.

Shangazi akamuuliza anataka nini hasa.

Akakohoa. Akasema atamwongezea Ndugu Mhasibu miezi sita kulipa elfu sita, elfu moja kwa mwezi, na kila malipo yaambatane na barua ya kueleza hali yake. Afya. Chakula. Hilo jicho. Kisha akaliandika sharti lile, akaligonga muhuri, na Mhasibu akaenda kukaa karibu na mguu wake kama alivyozoea kukaa karibu na gunia.

Ua ni wetu.

Shangazi alinivuta sikio. Halafu akanikumbatia bila kuliachia sikio.


Jumapili, tarehe 16 Juni

Amani. Mama amekuja na sufuria ya wali, akamwambia wifi yake kwamba hiki ni chakula cha watu, na atasimama hapo mpaka amalize. Shangazi amekula chote. Mhasibu amepewa sufuria kulamba, na kwa hilo mama hakusema kitu.

Shangazi amenikalisha juu ya ndoo. Ameniapisha. Mbwa mmoja, mfadhili mmoja. Barua za kweli, kila mbwa kwa jina lake. Hakuna hesabu za miguu. Nimeapa kwa moyo wote, mkono juu ya Mhasibu. Nimejifunza, nimemwambia, nami nilimaanisha. Najisikia mtu mpya.

Kiranja amemchukua Malaika kabisa. Mama yake amekubali. Inasemekana amelala katikati ya sungura na hawajamtofautisha bado. Shangazi ameniagiza nikatoe lile tangazo la ukutani kwa sababu Malaika hayuko kwetu tena, na watu wasije wakapotoshwa.

Nimekwenda mara moja. Nimekuta foleni.

Mwenye duka la saa. Wauguzi wawili wa hospitali. Kinyozi. Wote wamesikia habari za jana, wote wanamtaka huyu mweupe wa pichani, na wote walikuwa na fedha mkononi. Nikafungua kinywa kuwaeleza ukweli. Lakini nikamkumbuka Kimya, ambaye hana mfadhili hata mmoja. Nikakumbuka gunia la chakula linatosha mpaka Alhamisi tu. Na kwa kweli, tukitazama kwa unyofu, nimeapa mbwa mmoja kwa mfadhili mmoja. Malaika hayuko. Mbwa asiyekuwepo si mbwa mmoja. Yeye hawezi kuzidiwa na wafadhili.

Nimeandika risiti nne. Tarehe upande wa kulia.

Safari hii nimehesabu bahasha. Na sijamkaribisha mtu saa saba: wa kwanza anakuja saa tatu, wa pili saa nne, wa tatu saa tano, wa nne saa sita. Kila kitu kimepangwa.

Sasa niache, nina kazi.

Mpendwa mfadhili, natumaini hujambo. Mimi sijambo. Leo nimelala.